Tangu lini adui wa vita vya kiroho akawa shangazi? (Uzi mrefu kidogo)

Mjukuu wa Ihangiro (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka jukwaa la dini kwa makusudi, wasimamizi naomba usihamishiwe kule kwa mambo ya ramli. Mwenye haraka apitie tu.

Kilichonisukuma kuandika ni binti wa jirani yangu hapa Dar. Kazi hapati, mchumba kaingia mitini, akaenda kwenye maombi ya ukombozi. Mtumishi akamshika kichwa, akafumba macho, akasema anamwona mama mfupi, mweusi, upande wa baba, ana kovu mkononi. Binti akaangua kilio palepale. Jamani, ni ukoo gani wa Tanzania hii utakaomkosa mama mfupi mweusi mwenye kovu mkononi? Mama zetu wamepikia kuni maisha yao yote. Ila kwa binti jibu lilikuwa limeshapatikana: shangazi wa Singida. Tangu hapo simu za shangazi hazipokelewi, kwenye vikao vya ukoo anasemwa kwa mafumbo, na kitenge alichomletea binti Krismasi kilimwagiwa mafuta ya taa nyuma ya nyumba kikachomwa, mama mtu akikemea kwa sauti hadi watoto wa mtaa wakaja kuchungulia. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta naanua nguo. Kitenge chenyewe kilikuwa bado na karatasi ya dukani.

Hivyo ndivyo vinavyoitwa vita vya kiroho. Na andiko lililokuwa likipigiwa kelele moto ukiwaka ni Waefeso 6:12, lile lile linaloanza kwa kusema "kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama". Sasa shangazi ni nini kama si damu na nyama? Tena damu yako mwenyewe.

Hoja yangu ni moja, naisema mapema tusije tukazungushana: vita vya kiroho vikishakupa jina la mtu wa kumchukia, umeshapigwa. Shetani hana haja ya kukuua wala kukufukuzisha kazi. Akikufanya umchukie ndugu yako kwa jina la Yesu, kazi yake kwako imekwisha.

Turudi kwa Paulo, aliyewaandikia Waefeso, maana mstari huu tunautumia kana kwamba uliandikwa peke yake kwenye stika ya daladala.

Efeso haukuwa mji wa kitoto kwa mambo haya. Ulikuwa mji wa bandari, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, na hekalu la Artemi lililokuwa pale lilihesabiwa kati ya maajabu 7 ya dunia ya kale. Kulikuwa na maneno ya uganga yaliyobeba jina la mji wenyewe, "maandishi ya Efeso", watu wakiyatamka na kuyavaa kama hirizi. Kina Demetrio walifua vihekalu vya fedha wakauza, na Injili ilipoanza kuwaharibia soko wakazua ghasia mji mzima. Wana saba wa Skewa walijaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa, pepo akawauliza "ninyi ni nani?", wakatoka mbio uchi na majeraha juu. Yote yamo Matendo 19. Kwa hiyo watu wale uchawi waliujua kuliko mimi na wewe. Wengine vitabu vyake walikuwa navyo ndani, na vilipochomwa hadharani thamani yake ilihesabiwa fedha 50,000. Lakini ona nani alichoma nini: walioamini walileta vitabu vyao wenyewe, wakaungama mambo yao wenyewe. Hakuna aliyekwenda kuchoma zawadi ya shangazi.

Kwa watu wa namna hiyo ungetarajia Paulo awape orodha: pepo yupi anakaa mtoni, yupi anashika ndoa, yupi anafunga biashara. Hakuwapa. Sura ya 4 anawaambia waache uongo, mwizi asiibe tena, maneno machafu yasitoke vinywani mwao. Katikati ya hayo ndipo anapomtaja Ibilisi: "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi." Basi nafasi anayoitafuta ni hasira unayolala nayo kitandani, wala si zile nywele ulizoziacha saluni. Sura ya 5 inakwenda kwa mke na mume, ya 6 inaanza na watoto na wazazi, watumwa na mabwana zao, ndipo silaha zinaingia. Na silaha zenyewe ni kweli, haki, utayari wa Injili ya amani, imani, wokovu, neno la Mungu, pamoja na kusali. Dirii na chapeo, ukisoma Isaya 59, aliyevivaa kwanza ni Mungu mwenyewe. Utajifungaje kweli kiunoni huku unamzushia mtu uchawi kwa ushahidi wa kovu?

Kingine ni hiki. Paulo anaandika akiwa kifungoni, anajiita "mjumbe katika minyororo". Kama kuna mtu alikuwa na maadui wa kuwataja kwa majina ni yeye: walinzi, washitaki, Kaisari. Hamtaji hata mmoja. Anaomba aombewe, na hata hapo haombi minyororo ikatike, anaomba apewe ujasiri wa kusema.

Najua nitaambiwa nakana pepo. Sikani. Yesu alitoa pepo, nami naamini. Lakini isome Marko 5 taratibu. Yule wa makaburini hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya yeyote tuliyemwona akigaragara kwenye mikutano. Yesu alimuuliza jina lake. Hakumuuliza nani kamtuma, wala hakumfunulia yule bwana kwamba ni mama yake mdogo. Baadaye watu wakamkuta "ameketi, amevaa nguo, ana akili zake", na alipotaka kufuatana na Yesu akaambiwa aende nyumbani kwa watu wa kwao. Siku hizi mtu akishafunguliwa ndiyo kwanza anakabidhiwa ratiba: Jumatano mafuta, Ijumaa chumvi, mwisho wa mwezi maji na kitambaa. Na kwao ndiko anakokatazwa kukanyaga.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mlokole, yaani mtu wa ule uamsho wa Afrika Mashariki, wale wa zamani wa Kagera. Kwa vijana wasiojua: mwaka 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, Joe Church, alikutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, pale Namirembe, Kampala, wakakaa kusoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukavuka Uganda, Bukoba, Kenya. Wimbo wao wa Tukutendereza mpaka leo unaimbwa misibani hata na wasiojua neno jingine la Kiganda.

Walokole wale hawakuwa watu wa kusema uchawi haupo. Ila vita vyao walivipiga kwa namna ambayo ingewachekesha watumishi wa leo. Waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Bibi alinisimulia kikao kimoja, watu wameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Mwanamume mmoja akaingia na debe la buni begani, akalitua mbele ya jirani yake, akasema: "Hizi nilizizoa kwenye jamvi lako usiku." Watu kimya. Jirani akalitazama debe, akaliinamia kidogo kama anayekagua kama ni zake kweli, kisha badala ya kusema nimekusamehe akasema: "Na mimi nilikwenda kwa mganga kwa ajili yako. Mtoto wetu alipokufa nilisema ni wewe." Bibi alikuwa akifika hapo anasisitiza kwamba kwenye buni hakuna aliyelia, watu walilia kwenye hili la pili. Mwenye nyumba akaleta kahawa za kutafuna, wale wawili wakachota kwenye kikapu kimoja. Kwa asiye Mhaya nieleze: kutafuna kahawa ya mtu uliyekuwa unasema ni mchawi si jambo dogo hata kidogo. Sumu ingekuwa wapi kama si humo?

Hakuna aliyepata gari siku ile. Hakuna hata ushuhuda wa kupandishwa cheo.

Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa wakali mno, waligombana wenyewe kwa wenyewe hadi kugawanyika, na mtu asiyeokoka kwa staili yao walimhesabu mpagani hata akiwa mwinjilisti. Lakini kwa hili moja walituzidi.

Sisi yetu tuliyaona Moshi, Februari 1, 2020. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi wakikimbilia mafuta ya upako. Siwasemi marehemu, Mungu awarehemu. Ninachouliza ni hofu kiasi gani tumewamwagia watu hawa hadi wafike mahali pa kukanyagana ili wapone.

Naomba kuwasilisha. Pingeni kwa hoja.

Chuma cha Nyanda za Juu:

Mkuu umeandika vizuri ila ni nadharia za mjini. Njoo huku kwetu uone mtu anapigwa radi jua linawaka. Njoo uone duka linafunguliwa asubuhi, hela zote za jana zimeyeyuka na kufuli liko vilevile. Utamwambia mwenye duka asome Isaya 59?

Tena Biblia yenyewe unaikata vipande. Danieli 10 mkuu wa ufalme wa Uajemi alimzuia malaika siku 21. Hiyo ni vita ya anga, ina ngome na ina majina. Kanisa la kusomasoma bila moto ndilo lililojaa watu waliofungwa. Na kitenge kikiwa na agano lazima kichomwe, hapo sirudi nyuma.

Mjukuu wa Ihangiro:

Chuma, heshima yako. Ulichokiona kwa macho yako siwezi kukuambia hukukiona.

Ila Danieli 10 uliyoitaja inanisaidia mimi. Danieli alikuwa amefunga majuma matatu, anaomboleza na kuomba. Habari za mkuu wa Uajemi alizisikia baada ya kazi kuisha, tena kwa kuambiwa na malaika. Hakumkemea, hakumfunga, hakuchora ramani ya ngome zake. Mambo ya kupima mji uko chini ya pepo gani na kumwangusha kwa jina yalienezwa sana na Wamarekani miaka ya 1980 na 1990, akiwemo Peter Wagner aliyekuwa profesa pale Fuller, California. Sisi tukayapokea tukayachanganya na hofu tuliyorithi kwa babu zetu, ikatoka dawa kali kuliko zote mbili.

Na mwenye duka namuuliza la kawaida tu: nani mwingine ana ufunguo? Akinijibu hakuna, tutaomba wote mpaka asubuhi. Lakini nianze na ufunguo.

Muuguzi wa Zamu:

Niongeze la wodini halafu nirudi kazini. Mgonjwa wa kifafa ametulia kwa vidonge miaka, anaambiwa amefunguliwa, anaacha dawa, analetwa kaanguka kwenye moto. Wa presha ndiyo usiseme. Mimi ni mlokole na wagonjwa nawaombea, ila sijawahi kumwambia mtu amtupie Mungu vidonge.

Na kwetu Usukumani bibi akiwa na macho mekundu tu ameshahukumiwa. Macho yale ni moshi. Amepuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe tangu akiwa mtoto, utayataka yawe meupe? Bibi zetu wamekatwa mapanga kwa macho hayo. Mganga alianza kuwataja, sasa na madhabahu zinataja. Mtoa mada asante.

Guka wa Murang'a:

Nasoma kutoka Kenya. Hii ya walokole imenigusa kwa sababu guka (babu) wangu alikuwa mmoja wao wakati wa Hali ya Hatari, 1952 kuendelea. Watu wa msituni, Mau Mau, walitaka kila mtu ale kiapo. Ndugu wa uamsho wakakataa, wakisema wao wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine juu yake. Wengi waliuawa kwa hilo. Sasa serikali ya mkoloni ikaona hawa ni wetu, ikataka kuwapa bunduki wajilinde na kulinda vijiji. Wengi wao bunduki nazo wakazikataa. Kwa hiyo walichukiwa pande zote mbili: kwa huyu ni vibaraka, kwa yule ni wasaliti.

Nilikuwa kijana nikamuuliza guka mbona hukuchukua bunduki. Akaniambia aliyekuwa anamtafuta usiku ni kijana aliyemfundisha kusoma, angempigaje risasi. Hakuongeza neno, akarudi kwa ng'ombe wake. Wapo wanaosema ule ulikuwa woga. Mimi nimeona watu waoga, hawafanani na yule mzee.

Mtazamaji Tu:

Samahani niharibu sherehe. Gahini hiyo mnayoisifia si iko Rwanda? Kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 uamsho wenu ulikuwa wapi? Nimefika Ntarama na Nyamata. Ni makanisa yale. Watu walikimbilia humo wakaulia humo, na waliowaua walikuwa wamebatizwa, wengine waliimba kwaya moja. Mtu akinihubiria ushindi wa Mkristo namuuliza hilo kwanza.

Mjukuu wa Ihangiro:

Mtazamaji, hujaharibu kitu. Swali lako ni zito kuliko uzi wote na sitajifanya ninalo la kulifunika.

Nitasema ninachokiona tu. Kabla ya mapanga kulikuwa na redio, na redio ilifanya kitu kimoja kwa bidii: ilimpa jirani jina, mende. Mtu akishakubali kwamba jirani yake ndiye chanzo cha shida zake zote, kilichobaki ni ratiba. Makanisa yalikuwa yamejaa waliojua kuimba kuhusu damu ya Yesu, lakini siku jina la jirani lilipotajwa wengi walilipokea. Walikuwepo waliokataa, wakaficha watu darini na mashimoni, na wapo waliokufa kwa hilo. Lakini walikuwa wachache kuliko ilivyopasa. Ndiyo maana habari ya shangazi wa Singida siichekei. Ukubwa umepishana mbali sana, najua, lakini hatua ya kwanza ni ileile.

Mwana wa Tanganyika Kaskazini:

Mimi ni Mrundi, Mkatoliki, niko Ulaya sasa. Kwenu Wabongo samahani kwa Kiswahili changu cha Buja.

Mtazamaji kauliza vizuri, nami nataka aweke na hii kando ya Ntarama. Buta, kwetu Burundi, uliokuwa mkoa wa Bururi wakati ule, kuna seminari ndogo. Aprili 30, 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Hawakujitenga. Wakaamriwa tena. Hawakujitenga. Wakauawa 40. Ni wanafunzi wale, wa umri wa kucheza mpira. Mwezi mmoja na kitu kabla ya hapo, Machi 18, wanafunzi wa sekondari ya Nyange kule Rwanda waliamriwa vilevile wakajibu sisi sote ni Wanyarwanda, nao wakapigwa risasi.

Watu hufikiri ile ilikuwa miujiza ya usiku mmoja. Buta vijana wale walikuwa wamelelewa kwa hiyo. Tangu vita ianze 1993 nchi nzima shule zilikuwa zinagawanyika kikabila, wao wakakazaniwa wazungumze wazi, wale pamoja, walale bweni moja, wasali pamoja. Kwa hiyo amri ya kujitenga ilipokuja iliwakuta wameshaamua zamani.

Mimi nikisikia mtu anasema ushindi ni gari, nakaa kimya tu. Kwetu ushindi umezikwa Buta, makaburi yamepangwa mistari.

Binti wa Kigamboni:

Nimelia na Buta. Ila naomba niulize bila kuonekana mbishi. Kwa hiyo sisi tukae tu tuonewe? Mtu anakufanyia ubaya waziwazi, unampenda tu?

Mjukuu wa Ihangiro:

Binti, hapana. Mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa mlokole tangu 1948. Mauaji ya Idi Amin yalipozidi, Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake hawakujifungia chumbani kukemea pepo wa Ikulu. Walimwandikia Amin barua, wakayataja maovu kama yalivyo. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa, serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Askofu mwenzake Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye zamani alipata kuwa mwalimu Dodoma, alitoroka usiku na mkewe kwa miguu milimani hadi Rwanda. Mwaka uleule alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake tu liliwaudhi Waganda wengi: kwamba anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa inamla yeye, na kwamba pale msalabani Bwana aliwaombea msamaha waliokuwa wanampigilia misumari.

Kwa hiyo uovu wanautaja kwa jina, barua inaandikwa, inatiwa sahihi, na mtu wanakataa kumchukia. Yote mawili kwa pamoja. Sisi tunafanya kinyume: uovu hatuutaji, hatuandiki hata barua kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu tunamchukia mtu kimyakimya na kumwita ngome.

Ufunuo 12:11 unasemwa sana mikutanoni, "wakamshinda kwa damu ya Mwana-Kondoo, na kwa neno la ushuhuda wao". Huwa tunaishia hapo tunapiga makofi. Mstari unaendelea: "ambao hawakupenda maisha yao hata kufa."

Neema ya Asubuhi:

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Mimi yaliyompata huyo binti wa jirani yako yalinipata. Niliambiwa ni mama mkubwa. Ndiye aliyenilea mama alipokuwa masomoni. Wakasema kuna madhabahu ya ukoo na yeye ndiye kuhani wake. Nikakata mawasiliano. Usiku bado naota nakimbizwa, mara nalishwa nyama ndotoni. Mama ananikataza kabisa kwenda. Kusema kweli sijui nianzie wapi, na naogopa.

Mjukuu wa Ihangiro:

Dada Neema, pole sana. Nitakujibu kama kaka tu, mimi si mchungaji.

Kuhusu madhabahu ya ukoo, soma Ezekieli 18 yote. Wayahudi walikuwa na msemo kwamba baba wakila zabibu mbichi meno ya watoto hutiwa ganzi, na Mungu akawaambia waukome. Halafu Yohana 9, wanafunzi wanauliza huyu kipofu alitenda dhambi yeye au wazazi wake, Yesu anakataa yote mawili. Kama kuna agano unaloliogopa, uko ndani ya Kristo, na Wakolosai 2 inasema enzi na mamlaka zilikwisha kuvuliwa pale msalabani. Halihitaji kuvunjwa kila Ijumaa.

Ndoto: ukiamka usiku usianze kutafuta sura ya nani uliiona. Hapo ndipo ndoto inapogeuka shauri la mahakamani. Omba kwa maneno machache, soma Zaburi 4, mstari wa 8 ni wa kulalia, geuza mto, lala. Zikiendelea na huli wala hulali, mwone daktari pia, Muuguzi hapo juu atakuunga mkono. Na zisipokoma usijihesabu umeshindwa. Paulo alikuwa na mwiba, akauita mjumbe wa Shetani, akamsihi Bwana mara tatu, na jibu alilopewa lilikuwa "Neema yangu yakutosha". Hatusomi popote kwamba mwiba uliondoka.

Kuhusu mama mkubwa. Mwambie mama yako kabla ya kwenda, usiende kwa kujificha, yeye naye anaogopa. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika pande zote, asiye mtu wa maombezi. Beba sukari, sabuni, na kanga kama uwezo upo. Usiende kumhoji. Usiseme "niliambiwa wewe ni mchawi lakini nimekusamehe", maana hapo utakuwa umemshitaki upya kwenye nyumba yake. Sema umemkosea kwa kunyamaza, basi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Akilia usimkatize.

Na akipika, kula.

Chuma cha Nyanda za Juu:

Mpaka hapo kwenye sabuni nilikuwa naanza kukuelewa. Kwenye kula ndipo tunapoachana mkuu. Mimi ningebeba mkate wangu.

Mjukuu wa Ihangiro:

Beba Chuma, ila mkate huo mle wote wawili.

Neema ya Asubuhi:

Asanteni wote. Mama hajakubali ila hajakataa kama mwanzo, amesema nisimpelekee kanga ya rangi nyekundu. Mama mkubwa yuko Makambako. Mimi niko Dodoma. Kuna anayejua kama kuna basi la moja kwa moja au lazima nishukie Iringa?

Chuma cha Nyanda za Juu:

Dada, panda ya Iringa asubuhi mapema, njia ya Mtera ni lami tupu. Ukifika Iringa chukua yoyote ya Njombe au ya Mbeya, zote zinapita Makambako. Usipande ya jioni, utafika usiku na kule ni baridi, beba sweta. Ukikwama niandikie faragha, nina mdogo wangu pale stendi.